Dawa Iliyoganda ni Ipi? Tahakiki ya Istilahi za Protini Zinazoshikamana katika Dawa za Kingamwili

1. Shabaha ya makala

Tumezoea kuzipima istilahi kwa mizani ya kamusi: asili ya neno, umbo lake, na uwezo wake wa kuzaa maneno mengine. Mizani hiyo ni ya haki, wala hatukusudii kuitupa. Hata hivyo yako maneno ambayo ila yao haionekani kamusini. Huonekana mkononi mwa mtu anayeyatumia akiwa kazini. Makala haya yanahusu neno la aina hiyo, yaani kitenzi 'kuganda' pamoja na nomino yake 'mgando', linapotumiwa kueleza hali ya protini kukamatana ndani ya dawa za kingamwili.

Hoja yetu ni moja. Istilahi ya jambo hili haina budi ichaguliwe kwa kumfikiria mtu wa mwisho kukishika kichupa cha dawa, naye ni muuguzi. Kwa kipimo hicho 'mgando' halifai, ijapokuwa kwa maana yake ya asili ndilo neno lililo karibu zaidi na dhana inayotafutwa.

Yamkini msomaji atauliza dawa hizi zinatuhusu nini. Mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein walionyesha huko Cambridge namna ya kupata kingamwili za aina moja tu kutokana na seli zinazoendelea kuzaliana, na kwa kazi hiyo walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Mwaka 1986 dawa ya kwanza ya namna hiyo iliruhusiwa nchini Marekani kwa wagonjwa waliopandikizwa figo. Rituximab ilifuata mwaka 1997 na trastuzumab mwaka 1998, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliziingiza zote mbili katika orodha yake ya dawa muhimu. Dawa ikishafika katika orodha hiyo, maelezo yake yatahitajiwa kwa Kiswahili. Ni heri istilahi zitangulie kuliko kuja nyuma ya ajali.

2. Dhana yenyewe

Kabla ya kuhukumu maneno, tuieleze dhana. Kingamwili ya aina itumiwayo sana katika dawa ina uzito wa daltoni zipatazo 150,000, na upana wake ni nanomita 10 hivi. Katika dawa iliyo njema, molekuli hizi huelea kila moja peke yake. Kila molekuli imekunjwa kwa namna maalumu, hata sehemu nyingi zisizopenda maji zikawa zimefichwa ndani. Mkunjo huo ukilegea, sehemu zilizofichwa hujitokeza, na molekuli mbili zikigusana kwa sehemu hizo hushikana. Mbili huwa nne, nne huwa mamia, na mamia huweza kuwa chembe inayoonekana kwa macho. Ziko pia molekuli zinazoshikana pasipo mkunjo kulegea, kisha zikaachana tena dawa inapoongezwa maji.

Mambo yanayoleta hali hii ni mengi: joto, kugandishwa na kuyeyushwa, mtikiso unaokutanisha protini na hewa, matone ya mafuta ya silikoni yaliyomo katika bomba la sindano lililojazwa kiwandani, na kuchanganywa na kimiminika kisichofaa. Mpishi apigaye ute wa yai huliona jambo la mtikiso waziwazi: povu jeupe likishasimama, halirudi tena kuwa ute ule ule uliokuwamo ndani ya ganda. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa dawa hizi aghalabu hutia kiasi kidogo cha polisobeti, ambayo huutangulia uso wa maji na kuiepusha protini na hewa.

Madhara yake yalijulikana kabla ya dawa za kisasa kuwapo. Globulini za damu ya binadamu zilipotiwa katika mishipa ya wagonjwa, baadhi yao walipatwa na mitikio mikali. Na mwaka 1962 Barandun na wenzake huko Uswisi waliihusisha mitikio hiyo na protini zilizokuwa zimeshikamana ndani ya dawa. Leo hofu nyingine imeongezeka. Protini zilizoshikamana huweza kuuchochea mwili uione dawa kuwa adui na kuunda kingamwili za kuipinga, na mgonjwa akakosa faida ya dawa aliyoitegemea. Hapa lugha hujikwaa kwa mara ya kwanza, kwa kuwa dawa yenyewe ni kingamwili. Ndiyo maana twahitaji kutenganisha daima 'dawa ya kingamwili' na 'kingamwili dhidi ya dawa', wala tusimwachie msomaji neno 'kingamwili' peke yake akisie.

3. Maneno yanayogombea nafasi

Neno litumiwalo katika Kiingereza lina asili ya Kilatini, na kiini chake ni 'grex', yaani kundi la mifugo. Picha yake ni ya wanyama walioletwa zizini pamoja. Neno hilo limesafiri katika taaluma nyingi, na kila taaluma imelipa Kiswahili chake. Katika uchumi ni 'jumla'. Katika ujenzi ni 'kokoto'. Mfasiri anayefungua kamusi ya lugha mbili pasipo kujua taaluma anayoishughulikia anaweza kuandika kwamba dawa ina kokoto za protini, na kamusi isimkanye. Kwa hiyo wako wanaoona kuwa salama ni kutohoa, tuseme 'agregeti'. Mtaalamu wa maabara ataridhika nalo. Lakini neno hilo halimwambii muuguzi chochote, na kwa mhandisi litakumbusha tena kokoto. Kukopa si dhambi. Protini, molekuli na glukosi tumezikopa na zimetufaa. Tukope pale ambapo lugha haina chake, na katika jambo hili lugha ina chake.

'Mkusanyiko' ndilo neno linalojileta haraka mno. Ila yake ni upana. Mkusanyiko wa watu, wa kodi na wa hadithi ni mikusanyiko yote, wala si lazima vilivyokusanywa vigusane. Tena baadhi ya waandishi hulitumia kwa maana ya ukolezi, yaani kiasi cha kitu kilichoyeyushwa katika kimiminika. Dawa ya kingamwili ya kuchoma chini ya ngozi huweza kuwa na miligramu 100 au zaidi kwa kila mililita, na huo ni ukolezi uliokusudiwa. Tukiandika kwamba dawa ina 'mkusanyiko mkubwa wa protini', hatujui kama tumeisifu au tumeikataa.

'Msongamano' ni neno lenye nguvu, na kila aliyekwama barabarani analijua. Lakini magari yaliyosongamana hayajashikana. Njia ikifunguka kila moja huenda zake. Hali hiyo imo pia katika dawa yenye ukolezi mkubwa, ambamo molekuli hukaribiana sana pasipo kukamatana. 'Msongamano' basi lihifadhiwe kwa hali hiyo, wala lisibebeshwe mzigo wa pili.

'Donge' ni neno zuri la jikoni, na uji wenye madonge haumpendezi mtu. Hapa, hata hivyo, liko shimo. Chembe tunazozizungumzia ni ndogo, kwa hiyo mwandishi atasukumwa kutumia umbo la udogo, na umbo hilo ni 'kidonge'. Mgonjwa akisoma kwamba dawa yake ya sindano imeonekana kuwa na vidonge vya protini, ataelewa jambo jingine kabisa. 'Kibonge' nalo mitaani ni mtu mnene. Maneno haya yana nafasi yake, lakini katika karatasi ya dawa hayawezi kusimama.

Limebaki 'mgando'. Tulitendee haki kabla ya kulikataa. Maziwa yakiganda, ni protini zake zimekamatana. Damu ikiganda, ni nyuzi za protini zimefungana na kuzinasa seli. Ute wa yai likichemshwa huganda kwa sababu iyo hiyo. Wahenga waliolipa neno hili maana zake waliiona tabia ya protini kabla ya neno 'protini' kufika pwani yetu. Lau dawa zingekaa katika kabati la kawaida, tungelipitisha bila kusita.

Lakini dawa hizi hukaa katika jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na katazo lake kubwa ni kwamba zisiwe barafu. Katazo hilo kwa Kiswahili ni 'usigandishe'. Neno hilo limo vinywani mwa wahudumu wa chanjo, limezoeleka, na halina badala iliyo fupi na wazi kama lenyewe. Basi 'kuganda' tayari lina kazi katika jokofu la dawa, na kazi hiyo ni ya baridi.

4. Mizani ya sentensi tatu

Istilahi haiishi peke yake; huishi ndani ya sentensi. Tunapendekeza kila neno linalogombea nafasi hii lipimwe katika sentensi tatu ambazo karatasi ya dawa haiwezi kuziepuka.

Sentensi ya kwanza yahusu baridi. Tukitumia neno la zamani tutapata: 'Dawa ikiganda, protini huganda.' Msomaji ataona kwamba mwandishi amerudia jambo moja mara mbili, na onyo lote limepotea. Onyo lenyewe ni kwamba dawa iliyokuwa barafu huweza kuharibika hata baada ya kuyeyuka na kurudia sura yake. Tukitumia 'kushikamana' tutapata: 'Dawa ikiganda, protini zake huweza kushikamana, na kuyeyuka kwa barafu hakuzitenganishi.' Kila neno limefanya kazi yake.

Sentensi ya pili yahusu kuchanganya. Maelezo ya trastuzumab yanakataza kuichanganya na glukosi, kwa kuwa husababisha protini kukamatana. Tukiandika: 'Usichanganye na maji ya glukosi, kwa kuwa protini itaganda', muuguzi wa zamu ya mchana, katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, atasema moyoni kwamba hapa hapana hatari ya barafu. Huenda pia akadhani kuwa inazungumziwa damu ya mgonjwa, ambayo nayo huganda. Tukiandika: 'Usichanganye na maji ya glukosi, kwa kuwa protini za dawa zitashikamana', hana njia ya kwenda kombo.

Sentensi ya tatu yahusu macho. 'Dawa iliyo ang'avu huweza kuwa na migando' ni sentensi inayojipinga, kwa sababu kilichoganda katika mazoea yetu huonekana: mtindi huonekana, barafu huonekana, damu iliyoganda huonekana. Mazoea hayo ya jicho ndiyo yanayolifanya neno kuwa hatari, maana sehemu kubwa ya protini zilizokamatana haionekani kabisa. 'Dawa iliyo ang'avu huweza kuwa na protini zilizoshikamana' ni sentensi isiyomshangaza mtu.

5. Kubaini, kupima, kuhesabu, kutambua

Neno moja likishapatikana, kazi haijaisha, kwa sababu maabara nayo ina vitenzi vyake, na hapa ndipo waandishi wetu huteleza zaidi. Tumezoea kutumia 'kugundua' kwa kila jambo. Kugundua ni kupata kitu kisichojulikana hapo kabla. Fundi wa maabara hagundui protini zilizoshikamana. Anajua kwamba huweza kuwapo, naye anazitafuta. Tena anayoyafanya ni mambo manne tofauti: kubaini kuwa zipo, kupima ukubwa wake, kuhesabu idadi yake, na kutambua asili yake. Hakuna mtambo unaoyafanya yote manne kwa usawa, na mwandishi anayeyachanganya huusingizia mtambo uwezo ambao hauna.

Mfano wa kwanza ni kromatografia inayotenga molekuli kwa ukubwa. Dawa hupitishwa katika mrija uliojazwa punje zenye vitundu vidogo mno. Molekuli ndogo huingia katika vitundu na kuchelewa. Kubwa haziingii, kwa hiyo hutoka kwanza. Wako watakaovutiwa kuiita 'kromatografia ya chekeche'. Tunawasihi waache. Katika chekeche ya unga kidogo hupita na kikubwa hubaki. Humu kikubwa hutangulia. Jina hilo lingefundisha kinyume cha jambo lenyewe. Tujue pia kwamba dawa huongezwa kimiminika humo mrijani, hivyo zilizoshikana kwa muda huweza kuachana njiani, na zilizo kubwa mno hunaswa mlangoni zisifike kupimwa.

Mfano wa pili ni mtambo wa mtawanyiko wa mwanga. Chembe ndogo hutawanya mwanga kwa kadiri ya kipenyo chake kilichopandishwa kipeo cha sita. Chembe yenye kipenyo mara 10 ya nyingine hutawanya mwanga mara 1,000,000. Mtambo huu basi ni hodari wa kubaini chembe kubwa chache, lakini ni dhaifu wa kuhesabu, kwa sababu sauti ya wakubwa huzima ya wadogo.

Mfano wa tatu ni mtambo wa kuzuia mwanga, ambao huhesabu vivuli vya chembe zinazopita mbele ya miali. Kwa kipimo hiki kanuni za dawa za Marekani huruhusu, katika chombo kisichozidi mililita 100, chembe zisizozidi 6,000 zenye mikromita 10 au zaidi, na zisizozidi 600 zenye mikromita 25 au zaidi. Lakini protini zilizoshikamana hupenyeza mwanga, kivuli chake ni hafifu, na nyingine hupita bila kuhesabiwa. Mitambo inayopiga picha chembe zikiwa mwendoni huongeza kazi ya nne, ile ya kutambua: tone la silikoni huonekana la mviringo, na protini huonekana bila umbo maalumu.

Mwisho ni jicho lenyewe. Kanuni za dawa za Ulaya hutaka kichupa kitazamwe mbele ya ubao mweupe, kisha mweusi, kwa sekunde 5 hivi kila mmoja, chini ya mwanga wa luksi 2,000 hadi 3,750. Jicho huona vilivyo vikubwa tu.

Kati ya uwezo wa kromatografia na uwezo wa kuhesabu vivuli liko pengo, takriban kutoka sehemu ya kumi ya mikromita hadi mikromita 10, na mwaka 2009 kundi la wanasayansi, akiwamo John Carpenter, liliandika kuonya kwamba pengo hilo lilikuwa limepuuzwa. Kwa mwandishi wa Kiswahili onyo hilo lina tafsiri ya kisarufi. Sentensi 'Hakuna protini zilizoshikamana' na sentensi 'Hazikubainika protini zilizoshikamana' si moja. Ya kwanza yakanusha kuwapo. Ya pili yakanusha kubainika tu, na msomaji anaweza kuuliza: kwa mtambo gani, na kwa ukubwa gani? Lugha yetu ina kauli ya kutendeka iliyo tayari kwa kazi hii. Taarifa ya maabara isiyoitumia husema zaidi ya ilivyopima.

6. Suala la 'kutikisa'

Katazo moja zaidi lastahili kutajwa. Muuguzi wetu amefundishwa kutikisa. Chanjo zenye chumvi za alumini hutuama, naye huzitikisa kabla ya kuzichoma. Tena chanjo ikishukiwa kuwa iliganda, hutikiswa pamoja na nyingine iliyogandishwa makusudi ili ilinganishwe kasi ya kutuama. Dawa ya kingamwili yataka kinyume. Kuandika 'changanya' peke yake ni kumkaribisha afuate mazoea. Sharti maelezo yaseme: 'Zungusha kichupa taratibu, usitikise.' Amri mbili, moja ya kutenda na nyingine ya kukataza, na zikae pamoja katika mstari mmoja.

7. Mapendekezo

Kutokana na hayo tunapendekeza yafuatayo:

(a) 'Kuganda' na 'kugandisha' yabaki kwa maana ya baridi katika maandishi yote ya dawa zinazohifadhiwa jokofuni, na 'damu kuganda' iandikwe daima pamoja na neno 'damu'.

(b) Tendo la protini kukamatana liitwe 'kushikamana', na kinachotokea kiitwe 'shikamano', wingi 'mashikamano'. Umbo hili lina ndugu wengi: kupambana huzaa pambano, kupatana huzaa patano, kufungamana huzaa fungamano. Halitachanganywa na 'mshikamano' wa wafanyakazi au wa wananchi, kwa kuwa ngeli ni tofauti, na upatanisho wa kisarufi utalilinda: mshikamano wetu, shikamano hili.

(c) Yanayoweza kuachana yaitwe 'mashikamano ya muda', na yasiyoweza kuachana yaitwe 'mashikamano ya kudumu'.

(d) 'Ukolezi', 'msongamano' na 'shikamano' yatenganishwe, kila moja na dhana yake.

(e) 'Kubaini', 'kupima', 'kuhesabu' na 'kutambua' yatumiwe kwa kadiri ya kazi iliyofanywa, na 'kugundua' liachiwe wagunduzi.

Wako watakaosema kwamba maabara iwe na neno lake na wodi iwe na lake. Hatuafiki. Taarifa husafiri kutoka maabara hadi wodini, na hatari huingia mahali pale ambapo neno moja hubadilishwa kwa jingine. Neno moja linaloeleweka pande zote mbili ni kinga bora kuliko mawili yaliyo fasaha kila moja upande wake.

Tunayaleta mapendekezo haya mbele ya wasomaji na wataalamu wa tiba ili yajadiliwe. Anayeona kwamba 'mgando' lastahili kubaki, au aliye na neno jema kuliko 'shikamano', na aliandike katika zile sentensi tatu, ya baridi, ya glukosi na ya dawa iliyo ang'avu, kisha atuletee tuzisome pamoja.